Safari ya Seli za Neva: Jinsi Kemikali Zinavyouongoza Ujenzi wa Ubongo

Mwalimu wa biolojia anapowaeleza wanafunzi habari za ubongo, kwa kawaida huanza na ubongo uliokwisha kukamilika. Huwaonyesha mchoro wenye sehemu zilizopakwa rangi, kila sehemu na jina lake na kazi yake: hapa pa kuona, hapa pa kusikia, hapa pa kuongoza mikono na miguu. Mchoro huo ni sahihi, lakini huficha jambo moja kubwa. Seli za neva tunazoziona katika mchoro ule, karibu zote, hazikuzaliwa mahali zilipo. Zilizaliwa kwingine, zikahama, zikapenya katikati ya maelfu ya seli nyingine, kisha zikasimama mahali pake na kuanza kazi. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na nyingi kati ya seli hizo zilifanya safari ya namna hiyo kabla mwenyewe hajazaliwa.

Jambo hili linazusha swali ambalo mwanafunzi yeyote mwenye kufikiri hana budi kuliuliza. Seli haina macho wala masikio, na haikupewa ramani. Je, hujuaje njia? Na ikifika, hujuaje kwamba imefika? Jibu ambalo wanasayansi wamelipata, baada ya uchunguzi wa zaidi ya miaka mia moja, ni kwamba seli huongozwa na kemikali zinazotolewa na seli nyingine zilizoko njiani na mwisho wa njia. Kemikali moja huvuta, nyingine hufukuza, nyingine huiambia seli kwamba sasa yatosha. Na kila amri ina wakati wake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane juu ya maneno. Vitabu vyetu vya shule vimetumia "chembe hai", "chembechembe" na "seli" kwa maana moja. Hapa nitatumia "seli". Nitasema "neva" badala ya "mshipa wa fahamu", kwa sababu neva si mshipa: haipitishi damu wala maji, bali hupitisha ishara. Nimewahi kuona majibu ya mitihani ambamo mwanafunzi mwerevu ameandika kwamba fahamu hutiririka ndani ya mishipa, na sidhani kwamba kosa lilikuwa lake.

Kuzaliwa ndani, kuishi nje

Katika mimba ya binadamu, mfumo wa neva huanza katika wiki ya 3 kama bamba jembamba mgongoni mwa kiinitete. Bamba hilo hujikunja pande zote mbili mpaka kingo zake zikutane na kuwa bomba, na kufikia mwisho wa wiki ya 4 bomba hilo huwa limekwisha kufungika. Upande wake wa mbele huvimba na kuwa ubongo. Uwazi wa ndani hujaa maji, na seli za neva huzaliwa kandokando ya maji hayo, katika ukuta wa ndani wa bomba.

Lakini kazi ya seli nyingi kati ya hizi haiko kule ndani. Gamba la ubongo, ambalo ndilo makao ya lugha, kumbukumbu na fikira, liko nje kabisa, chini ya fuvu. Unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu, na ndani ya unene huo seli zimepangwa katika matabaka 6. Kila tabaka lina seli za aina yake na mawasiliano yake. Kwa hiyo seli iliyozaliwa kando ya maji hulazimika kupanda kutoka ndani kwenda nje, na kutulia katika tabaka lake.

Mwaka 1961 Wamarekani wawili, Jay Angevine na Richard Sidman, walitaka kujua seli hizo hupangika kwa utaratibu gani. Waliwadunga panya wenye mimba thaimidini yenye mionzi hafifu. Thaimidini ni kemikali ambayo seli huihitaji inapojigawa, kwa hiyo seli zilizokuwa zikizaliwa siku ile zilipata alama isiyofutika. Panya wengine walidungwa siku iliyofuata, wengine siku ya baadaye, na kadhalika. Watoto walipokua, wataalamu hao walitazama kila alama ilikwenda kukaa wapi. Wengi wetu tungetazamia kwamba seli za kwanza, kwa kuwa zilitangulia, zingekuwa zimefika mbali zaidi. Mambo yalikuwa kinyume. Seli zilizozaliwa mwanzo zilikuwa chini, na zile zilizozaliwa baadaye zilikuwa zimewapita wakubwa wao na kukaa juu yao. Ni kama jengo la ghorofa ambamo wapangaji wa kwanza huchukua ghorofa ya chini, na kila kundi linalofuata hulazimika kupita katikati ya vyumba vya waliotangulia ili kufika juu.

Miaka 11 baadaye, yaani mwaka 1972, Pasko Rakic, mzaliwa wa Yugoslavia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha ngazi inayotumika. Akichunguza ubongo wa viinitete vya kima kwa hadubini ya elektroni, aliona kwamba ukuta wa ubongo mchanga umejaa seli ndefu sana aina ya glia, zilizonyooka kutoka kwenye maji ya ndani mpaka kwenye utando wa nje. Seli changa za neva zilikuwa zimezikumbatia seli hizo kama mkwezi anavyoukumbatia mnazi. Namna ya kupanda nayo yafanana na ya mkwezi. Seli hunyoosha mkono mbele, mkono hushika, kisha kiini chenye uzito huvutwa kufuata mkono, halafu mkia hujikunyata. Ndipo mkono hunyooshwa tena. Mwendo huu ni wa polepole sana: katika saa moja seli huweza kwenda kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita, au kupita hapo kidogo. Kwa mwendo wa namna hiyo, milimita moja ni safari ya siku nne.

Kunusa njia

Wazo kwamba kemikali ndizo zinazoongoza ni la zamani kuliko ushahidi wake. Mwaka 1890 Santiago Ramón y Cajal, tabibu wa Hispania, alikuwa akichunguza viinitete vya kuku vilivyopakwa rangi aliposhtuka kuona kwamba uzi mrefu wa seli ya neva, ule unaoitwa akisoni, una uvimbe kwenye ncha yake. Alitambua kwamba uvimbe huo ndio unaotangulia na kutafuta njia. Muda mfupi baadaye akapendekeza kwamba ncha hiyo huvutwa na kemikali fulani. Cajal hakuwahi kuiona ikitembea, maana seli zake zilikuwa zimekufa na kupakwa rangi. Alilisoma tendo katika picha tuli. Aliyeiona ikitembea ni Ross Harrison wa Marekani. Mwaka 1907 aliweka kipande cha kiinitete cha chura katika tone la limfu lililoning'inia chini ya kioo, akatazama kwa hadubini jinsi uzi wa neva unavyorefuka, ncha yake ikitoa na kurudisha vidole vyembamba kana kwamba inapapasa.

Kisha alikuja Roger Sperry na jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Sperry aliikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho lenyewe juu chini, akaliacha lipone. Kwa chura neva hiyo huweza kuota tena. Ilipoota, chura aliona, lakini aliona kinyume: akionyeshwa nzi juu, aliruka chini, akionyeshwa chini, aliruka juu. Wala hakujirekebisha kamwe kwa mazoezi. Maana yake ni kwamba kila uzi wa neva ulikuwa umerudi mahali pake pa asili katika ubongo, bila kujali kwamba mahali hapo sasa hapafai. Mwaka 1963 Sperry aliandika kwamba lazima seli ziwe na alama za kikemikali zinazotambuana. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameishika alama hata moja mkononi.

Namna kemikali inavyoongoza si vigumu kuieleza kwa wanafunzi wetu, kwa kuwa wote wamewaona siafu. Siafu karibu haoni kitu. Hufuata harufu iliyoachwa na wenzake ardhini. Mwalimu anaweza pia kufukiza udi katika pembe moja ya darasa na kuwaomba wanafunzi waliofumba macho waeleze wanapousikia. Karibu na chetezo harufu ni kali. Kadiri mtu anavyokwenda mbali ndivyo inavyopungua hatua kwa hatua. Atembeaye kuelekea kule inakozidi atafika penye chetezo hata kama hakioni. Seli hufanya vivyo hivyo. Juu ya ngozi yake ina protini maalumu, nazo ni vipokezi, ambazo hukamata aina moja tu ya kemikali kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Ikiwa upande wa kulia umekamata kemikali nyingi kuliko wa kushoto, ndani ya seli huanza mabadiliko: nyuzi za protini iitwayo aktini hujengwa kwa haraka upande ule, ngozi husukumwa mbele, na seli hugeuka kulia. Kama kipokezi ni cha kufukuza, nyuzi hizo huvunjwa upande ule na seli hukwepa.

Kemikali yenyewe ilipatikana hatimaye mwaka 1994, wakati Marc Tessier-Lavigne na wenzake huko San Francisco waliposaga bongo za maelfu ya viinitete vya kuku ili kuchuja protini kidogo tu inayovuta nyuzi za neva. Waliiita netrini, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kiongozi wa njia. Zimepatikana pia nyingine nyingi, miongoni mwake semaforini, ambazo mara nyingi hufukuza. Baadaye ilidhihirika kwamba hata netrini huvuta seli moja na kufukuza nyingine, kwa kutegemea vipokezi ambavyo seli inavyo. Kwa hiyo amri haimo katika kemikali peke yake. Imo katika kukutana kwa kemikali na msikilizaji wake.

Panya wenye kupepesuka

Ushahidi ulio wazi zaidi juu ya kuhama kwa seli ndani ya ubongo umetoka kwa panya wagonjwa. Mwaka 1951 Douglas Falconer, mtaalamu wa elimu ya urithi huko Edinburgh, Scotland, alieleza habari za panya ambao hawakuweza kutembea sawasawa. Walitetemeka, wakayumba, wakaangukia ubavu. Jina alilowapa kwa Kiingereza lina maana ya mwenye kupepesuka. Ila hiyo hurithiwa kwa kanuni ile ile ya Mendel ambayo wanafunzi hujifunza kwa mfano wa njegere: wazazi wawili walio wazima kwa sura, lakini kila mmoja akiwa na jeni moja yenye kasoro, huweza kuzaa watoto ambao robo yao kwa wastani ni wagonjwa.

Ubongo wa panya hawa ulipokatwa vipande vyembamba na kutazamwa, ilionekana kwamba hesabu ya seli katika gamba lake haikuwa tatizo. Seli zilikuwa zimezaliwa kwa wakati wake, na zilikuwa zimeanza safari. Lakini zilipowakuta wakubwa wao njiani hazikuweza kuwapita. Zilirundikana chini yao, kundi baada ya kundi, hata matabaka yakawa kana kwamba yamepinduliwa. Ubongo mdogo wa nyuma, ambao kazi yake ni kulinganisha mwendo wa viungo, ulikuwa umedumaa na kukosa mikunjo yake. Ndiyo maana panya walianguka.

Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyejua chanzo. Kilipatikana kwa njia ya kubahatisha, jambo ambalo hutokea katika sayansi mara nyingi kuliko vitabu vinavyokiri. Katika maabara moja ya Marekani panya walipandikizwa jeni kwa uchunguzi mwingine kabisa, na jeni ile ikaangukia katikati ya jeni nyingine na kuiharibu. Watoto waliozaliwa walipepesuka kama panya wa Falconer. Kwa kufuata alama ya jeni iliyopandikizwa, Gabriella D'Arcangelo, Tom Curran na wenzao waliifikia jeni iliyoharibika, na mwaka 1995 wakaitangaza. Jeni hiyo hutengeneza protini kubwa waliyoiita rilini.

Sasa msomaji angalie jambo hili kwa makini, kwani ndilo kiini cha habari. Katika gamba linalojengwa, rilini haitengenezwi na seli zinazopanda. Hutengenezwa na seli chache zilizotangulia kufika nje kabisa, chini ya utando, ziitwazo seli za Cajal na Retzius kwa heshima ya wataalamu wawili waliozieleza. Seli hizo hukaa juu na kuimwaga rilini pembeni mwao. Basi katika panya mgonjwa hapakuwa na upungufu wowote katika miguu ya wasafiri. Kilichokosekana ni sauti ya aliyepaswa kuwaita.

Mwaka 1999 ukaja uthibitisho wa upande wa pili. Panya walioondolewa vipokezi viwili vinavyoikamata rilini, huku rilini yenyewe wakiwa nayo tele, walipata ubongo uliovurugika vile vile. Yaani ukimnyamazisha msemaji au ukimziba msikilizaji masikio, matokeo ni mamoja.

Lakini sauti hiyo husema nini hasa? Hapa wataalamu wanaendelea kujadiliana, na ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba mjadala upo. Wengine walidhani rilini huvuta, kama udi katika pembe ya darasa. Wengine walisema ni amri ya kusimama, inayomwambia mkwezi aachie mnazi. Mwaka 2002 ulifanywa uchunguzi ambao uliwashangaza wengi. Panya wenye kupepesuka walipandikizwa jeni iliyofanya rilini itengenezwe kule ndani, kando ya maji, mahali ambapo kwa kawaida haipatikani. Kama rilini ingekuwa mvuto tu, seli zingebaki chini. Badala yake mpangilio wa mwanzo wa gamba ulirekebika kwa kiasi, na panya hao wakatembea vizuri kuliko ndugu zao. Inaelekea, basi, kwamba rilini huiandaa seli iweze kujipanga, zaidi ya kuionyesha upande wa kwenda.

Binadamu naye hana kinga. Mwaka 2000 zilielezwa familia ambazo watoto wao walizaliwa wakiwa na kasoro katika jeni hiyo hiyo. Gamba la ubongo wao lilikuwa laini, bila ile mikunjo na mifereji ya kawaida, ubongo mdogo wa nyuma ulikuwa umedumaa, na maendeleo yao ya mwili na akili yalikuwa yamezuiliwa vibaya. Maradhi haya ni adimu mno.

Seli za Cajal na Retzius zenyewe zina mwisho wa kusikitisha kidogo. Katika panya, zikiisha kuwaelekeza wengine, nyingi kati yake hufa katika wiki chache baada ya kuzaliwa.

Kutoka puani hadi ubongoni

Safari nyingine ndefu, na kwa maoni yangu ya kustaajabisha kuliko zote, hufanywa na kundi dogo la seli elfu chache tu. Seli hizi ndizo zinazoamuru balehe. Katika mtu mzima ziko katika sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na kutoka hapo hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari au korodani. Zikinyamaza seli hizi, msichana havunji ungo na mvulana habadiliki sauti.

Mwaka 1989 ilibainika kwamba seli hizo hazizaliwi ubongoni. Huzaliwa puani. Katika wiki za mwanzo za mimba huondoka kwenye ngozi ya ndani ya pua, hufuata nyuzi za neva zinazotoka puani, hupenya na kuingia ubongoni, kisha hugeukia chini mpaka makao yake. Njiani huongozwa na kemikali kadhaa, semaforini zikiwa miongoni mwake.

Ugunduzi huo ulifumbua fumbo la zamani. Mwaka 1944 daktari Franz Kallmann alikuwa ameeleza juu ya familia ambazo baadhi ya watu wake walikuwa na upungufu wa namna mbili: hawakubalehe, na hawakusikia harufu. Pua na balehe vinahusianaje? Mwaka huo huo wa 1989 ulichunguzwa ubongo wa mtoto wa mimba ya wiki 19 aliyekuwa na ila hiyo. Ndani ya ubongo wake hapakuwa na hata seli moja ya balehe. Zote zilikuwa zimekwama njiani, baina ya pua na ubongo, pamoja na nyuzi za neva za kunusa ambazo nazo hazikuwa zimefika. Jeni ya kwanza inayohusika ilipatikana mwaka 1991. Imo katika kromosomu ya X, kwa hiyo wavulana ndio wanaoathirika zaidi.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanawahusu walimu wa sekondari moja kwa moja. Kijana mwenye ila hii hukaa darasani mwao. Akili yake ni timamu, lakini umbo la utoto halimwachi, na wenzake humcheka. Vijana wengi wanaochelewa kubalehe hawana ugonjwa wowote. Ni wachelewaji tu kama baba zao au mama zao walivyokuwa. Lakini mvulana aliyepita miaka 14, au msichana aliyepita miaka 13, bila dalili yoyote, yafaa apelekwe hospitali, na mwalimu au mzazi amwulize swali rahisi ambalo hata daktari huweza kulisahau: je, unasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa? Seli zilizokwama haziwezi kurudishwa njiani, lakini homoni zinazokosekana zinaweza kutolewa kama dawa, kijana akabalehe, na mara nyingi akaweza kupata watoto baadaye.

Madini joto na wakati usiorudi

Magonjwa ya kurithi ni machache. Iko sababu nyingine ya kuvurugika kwa safari hii ambayo haimo katika jeni bali katika chungu cha mboga.

Tezi ya shingo hutengeneza homoni inayohitaji aidini, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la madini joto. Katika nyanda za juu mvua za karne nyingi zimeyachukua madini hayo kutoka ardhini, hata mazao yanayoota huko yakawa hayana ya kutosha. Tezi inayoyakosa huvimba ili kujaribu kukamata kidogo kilichopo, na huo ndio ugonjwa wa rovu ambao katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania ulikuwa jambo la kawaida machoni pa watu. Watu wa pwani, wenye kula samaki wa baharini, hawakuujua sana. Uvimbe wa shingo huonekana. Kisichoonekana ni yale yanayotokea ndani ya tumbo la mama mwenye upungufu huo.

Mtoto aliye tumboni huanza kujitengenezea homoni ya tezi kwa kiasi cha kutosha tu mimba ikikaribia katikati. Kabla ya hapo hutegemea homoni ya mama. Lakini seli za gamba la ubongo huanza kupanda tangu wiki ya 7 au ya 8, na kazi hiyo kubwa huendelea mpaka karibu wiki ya 24. Katika panya imeonekana kwamba homoni ya tezi huathiri kiasi cha rilini inayotengenezwa ubongoni, na huenda si njia pekee inayopitia. Kundi la Gabriella Morreale de Escobar huko Madrid lilionyesha mwaka 2003 kwamba panya wanaolishwa chakula chenye upungufu wa madini joto huzaa watoto ambao seli zao za gamba zimekaa katika matabaka yasiyo yake. Mwaka 2004 kundi hilo hilo lilipunguza homoni ya panya wenye mimba kwa siku 3 tu, wakati seli zinapoanza kupanda. Siku hizo 3 zilitosha kuwapotosha wasafiri. Na walipompa mama homoni mara moja, ubongo wa watoto uliokolewa. Walipochelewa siku chache, homoni ile ile haikufaa kitu.

Mwanadamu si panya, na mtu asichukue hesabu ya siku za mnyama akaihamishia kwa mama. Hata hivyo inajulikana tangu zamani kwamba upungufu mkubwa wa madini joto wakati wa mimba huleta watoto wenye akili iliyodumaa, na mara nyingi viziwi. Juu ya upungufu wa wastani ushahidi ni mgumu zaidi kuupata. Kati ya miaka ya 1980 na 1990 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawanywa katika wilaya nyingi za Tanzania zilizokuwa na rovu, na mwaka 2009 wachumi watatu walitangaza kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa ugawaji huo waliendelea na masomo zaidi kuliko wengine, hasa wasichana. Watafiti wengine waliporudia hesabu kwa takwimu zilizoongezwa hawakuliona tena tofauti hilo waziwazi. Kwangu mimi matokeo hayo hayaondoi haja ya madini joto. Yanaonyesha tu jinsi ilivyo vigumu kuisoma safari ya seli katika ripoti ya shule ya miaka 10 baadaye.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama mjamzito apate mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, yaani robo ya miligramu, kiasi ambacho hakijai hata ncha ya sindano. Chumvi iliyotiwa madini joto huweza kukileta, mradi isiachwe wazi penye unyevu, maana hupungua nguvu. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Sababu ya kuyatia katika chumvi ya kila siku badala ya kuyasubiri kliniki hujieleza katika kalenda ya safari tuliyoifuata. Mama wengi huanza kwenda kliniki mimba ikiwa imekwisha kupita miezi 3. Siku hiyo nesi anapoliandika jina lake katika daftari kwa mara ya kwanza, seli za tabaka za chini zimekwisha kufika na kutulia, na nyingine ziko njiani, zimeukumbatia mnazi wao, zikipanda sehemu moja ya mia ya milimita kila saa.